Kucha za Bibi wa Kitanda cha Mwisho

Jina la Mzee Taratibu alipewa na wanafunzi, wala hakulipenda. Aliendesha basi la chuo chetu miaka kumi na tisa, na kila Jumamosi alitupeleka sisi wa kikundi cha huduma kwenye makao ya wazee, kwa mwendo ambao ungeweza kulala, ukaamka, na bado hujafika. Tukimwomba akanyage mafuta alijibu, "Wazee hawaendi popote, wanangu. Mtawakuta."

Mwaka wangu wa tatu nilikuwa mwenyekiti wa huduma, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Ratiba niliichapa mwenyewe: nyimbo tatu, neno, maombi, sabuni kwa kila mzee, picha ya pamoja, tuondoke. Dereva hakuwemo. Nilidhani muda wote huo anauchapa usingizi ndani ya basi.

Siku moja niliingia wodi ya wanawake kutafuta daftari langu la nyimbo, nikamkuta dereva ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya kitanda cha mwisho. Hapo alilala bibi tuliyemwita mkorofi, kwa kuwa hakukubali tumshike mkono tukimwombea. Kiharusi kilimpoozesha upande wa kushoto, mkono ukajikunja ngumi, na kucha zikawa zinakua kuelekea ndani ya kiganja. Mzee alikuwa ameuloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Alifungua kidole kimoja kimoja, anakata ukucha, huku akimsimulia habari za lori lililokwama darajani.

"Mwenyekiti," aliniambia bila kugeuka, "funga mlango, bibi anapigwa na upepo."

Niliufunga, nikabaki nje.

Kisha macho ya mzee yakaingia ukungu, chuo kikamstaafisha. Tulimpa saa ya ukutani na maombi marefu. Yeye aliniomba jambo moja tu: "Yule bibi, mwanangu, kila wiki mbili. Zikipita, kucha zitamla kiganja."

"Usijali, mzee," nilimjibu, kama mtu anayejibu salamu.

Ikaja mitihani, ikaja kambi ya maombi, ambako nilihubiri juu ya upendo na watu wakalia. Wiki saba zilipita. Ndipo muuguzi wa makao akanipigia simu: mkono umevimba, umeanza kutoa usaha, na bibi anamng'ata kila anayeugusa. Daktari alikuwa amesema usipofunguliwa wiki hiyo ataukata.

Nilikwenda mbio na beseni. Bibi alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Wewe ni wa nyimbo," alisema. "Nenda kaimbe."

Nikaufyata mkia mpaka nyumbani kwa Mzee Taratibu, nikamweleza yote. Nilitamani anigombeze, lakini alisema tu, "Nilikwambia wiki mbili," akamwomba mkewe koti. Dereva mpya alituendesha kwa kasi, na mzee akashikilia kiti cha mbele njia nzima. "Taratibu, baba," alisema. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Wodini alipapasa mpaka akaipata ndoo yake. Bibi alipoisikia sauti yake aliacha kukunja uso. Mzee akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya ule wa bibi, na wake juu ya wangu.

"Anza na kidole kidogo. Ukianza na gumba utamuumiza. Na usiutazame mkono, mtazame yeye. Mwambie kitu."

"Nimwambie nini?"

"Chochote, ila usimhubirie."

"Bibi, nilikusahau," nilimwambia. Alinitazama usoni, kidole kikalegea. Harufu iliyotoka pale sijaisahau. Nilikata huku nalia, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Mkono ulipona, lakini kidole kidogo kilikuwa kimeoza, daktari akakiondoa. Watu walinifariji kwamba ni ugonjwa. Mimi najua ni nani aliyekikata.

Tangu hapo nilikwenda na Mzee Taratibu kila wiki mbili, yeye akifungua vidole, mimi nikikata, mpaka alipofariki mwaka uliofuata. Mazishini alisifiwa kwamba hakuwahi kupata ajali. Habari za kucha hazikutajwa, nami nilishindwa kusimama nizitaje.

Jumamosi iliyofuata niliketi juu ya ile ndoo. Bibi aliangalia mlangoni.

"Mwenzako yuko wapi?"

Nilimwambia. Aliutoa mkono majini, akaukumbatia kifuani kwa ule mzima, akageukia ukutani. Nilikaa tu. Sikuomba, sikuimba. Maji yakapoa, nikaenda kubadilisha, nikarudi.

Baada ya muda aligeuka, akauinua ule mkono mbovu kwa mkono wake mzima, akauweka juu ya magoti yangu. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe kutafuta kile kidogo, vikakuta kovu.

"Anza na hiki," alisema, akanionyesha kinachofuata.