Saa ya Kufungua Duka

Mjadala wa kufanya biashara usiku na mchana ulipopamba moto Kariakoo, mimi nilikuwa mstari wa mbele kuutetea. Tunauza vitenge na khanga kwa jumla, na wateja wetu wengi wanatoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni. Watu hao hawaji Bongo kulala. Kumfungia mtu wa namna hiyo mlango magharibi, akajilaze gesti akitazama feni ikizunguka, niliona ni ujinga mtupu, na nilisema hivyo kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa mtaa wetu. Jirani yangu, Mhindi anayeuza mapazia ng'ambo ya barabara, alipinga. Alisema taa zitawekwa na ulinzi utakuwepo, lakini muuzaji naye ana familia. Nilimjibu kwamba bandarini watu wanakesha kazini kwa zamu na bado wana wake na watoto. Watu wakacheka, nami nikajiona nimemaliza ubishi.

Duka lenyewe ni la mama, alilianza kwa meza moja barazani. Siku hizi magoti yanamsumbua, hapangi mzigo wala habebi kitu. Kazi aliyobaki nayo ni kufungua. Kila asubuhi anatoa kufuli mwenyewe, anafukiza ubani kila pembe, kisha anakaa kumsubiri mteja wa kwanza. Huyo haachwi atoke mikono mitupu hata akitaja bei ya kuudhi, maana ndiye anayefungua biashara ya siku nzima. Akishamuuzia, mama anarudi zake nyumbani Ilala, ameridhika.

Tulipokubaliwa kuanza zamu ya usiku, nilikaa naye nikamweleza nani ataingia na nani atatoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mimi nitafungua saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia apumzike tu, duka halitafungwa tena. Kwa akili yangu nilikuwa nampa raha.

Asubuhi ya kwanza baada ya zamu ile nilimkuta barazani, kajitanda khanga yake, chetezo mkononi, makaa yamekolea. Duka lilikuwa wazi na limejaa watu. Hakuingia. Alisimama kando kama mgeni aliyekosea nyumba, akiwapisha wateja wanaotoka na mizigo, na hakuna aliyemsalimia. Roho iliniuma, kisha nikapandwa na hasira, na wa kumkasirikia nilikuwa mimi mwenyewe.

Nikaingia ndani nikamtoa kila mtu, wauzaji kwa wateja. Nikavuta mlango, nikabana kufuli, nikamkabidhi mama ufunguo. Mteja mmoja wa Lusaka, ambaye tayari alikuwa amechagua vitenge vyake na kukubaliana bei, alikuja juu akitaka kujua kulikoni.

Nikamwomba radhi, nikamwambia duka bado halijafunguliwa.