Jiwe la Juu ya Mlango wa Jiko

Kila nikinusa chokaa mbichi mgongo unaniwasha, ingawa makovu yalishafutika zamani.

Nilikuwa darasa la nne. Baba, aliyeletwa na babu kutoka Singida akiwa mdogo, alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa kule Oldeani. Mzungu mwenye shamba alikwisha kuondoka, ila nyumba yake kubwa ya mawe ilibaki. Ilikuwa ofisi ya shamba, na wiki ile Baba alikuwa akiipaka chokaa. Nilimpelekea makande nikitoka shule.

Asubuhi hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha habari za Waafrika waliouzwa ng'ambo ya bahari kubwa. Alichora ubaoni meli iliyofanana na kiatu, akasema faida iliyotokana na watu wale ndiyo iliyojenga miji ya Wazungu: majumba, makanisa, mabenki yenye nguzo. Nilimsimulia Baba yote, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Kisha nikaongeza la kwangu.

"Lakini Baba, wale watumwa walikuwa wajinga. Mimi ningekataa kubeba mizigo yao."

"Rudia," akasema.

Nikarudia, nikidhani amependa.

Alinipiga kwa mpini wa brashi mpaka ukavunjika, kisha akavua mkanda. Baba ambaye hakuwahi hata kunifinya. Niliona damu yangu ikidondokea kwenye chokaa. Mama Paulina, jirani yetu aliyekuwa akichambua kahawa uani, alikuja akamkamata mikono.

"Baba Salome, mwachie. Utaua, halafu umlilie nani?"

Baba akaketi chini, anahema. Bila kunitazama, akanyoosha kidole juu ya mlango wa jiko la nyumba ile.

"Jiwe lile alilibeba babu yako kutoka mtoni. Akaanguka nalo. Mnyapara alimchapa kiboko mpaka akatapika damu, akafa palepale njiani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nachota maji. Mnyapara akaniambia, wewe, chukua jiwe. Nikalichukua. Nikamruka baba yangu, nikaenda."

Jioni Mama alinikanda kwa maji ya chumvi, akisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimchukia Baba muda mrefu, siwafichi. Niliamini alinipiga kwa kumtetea babu. Tulipomzika, mimi tayari nina watoto, ndipo nilipoelewa. Neno nililomrushia kwa kujigamba, lile la "ningekataa kubeba", alikuwa akijiambia mwenyewe kila alipopita mlango ule, nami nilikuwa mtu wa kwanza kulisema kwa sauti.