Kitabu cha Katuni Nilichokichukua Msibani

Nimekosa. Naanza hapo hapo ili usije ukafika katikati ukanihurumia. Nimemkosea marehemu, nimemkosea na mama wa marehemu, na kibaya zaidi nilifanya yote hayo huku watu wanacheka na kunipigia makofi.

Jina langu sitoi. Naishi Mitwero, Lindi, nina mke na kazi ya kueleweka, na wanaonifahamu wakisoma hapa watanijua tu. Wanijue. Nimechoka!

Rafiki yangu nitamwita Hamisi. Tulikulia wote Somanga, nyumba kwa nyumba. Mabasi ya Dar yakisimama pale, abiria wakishuka kununua samaki wa kukaanga, sisi wawili tulikuwa hatuna habari na samaki. Tulikuwa tunaangalia nani kashika kitabu cha katuni. Abiria akishakimaliza akatuonea huruma, akakirusha dirishani, ni vita! Wenzetu wamekua na mpira, sisi tumekua na katuni.

Ukubwani tukaendelea kukusanya, watu wazima na ndevu zetu. Ila tulitofautiana. Mimi niliingia kwenye kundi la simu la wakusanyaji, na huko nikajifunza kwamba zipo kampuni nje ya nchi ambazo unazipelekea kitabu chako, wanakikagua ukurasa kwa ukurasa, wanakipa alama, kumi ndiyo mwisho, kisha wanakifungia kwenye kasha gumu la plastiki unaloona mpaka ndani. Hakifunguliwi tena. Ukivunja kasha, alama imekufa. Mimi niliona hakuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Hamisi alikuwa hataki hata kusikia. Yeye alikuwa na toleo la kwanza kabisa la katuni moja ya vichekesho ambayo siku hizi huipati popote. Nilimbembeleza miaka. "Kipeleke kikapimwe, ndugu yangu. Kile ni mali!"

"Kikapimwe, kwani kina malaria?" alikuwa ananijibu. "Mama anakisikiliza kila Ijumaa. Ukishakifungia humo, nimsomee plastiki?"

Mama yake, Bi Somoe, macho yalishaingia ukungu. Kila Ijumaa baada ya swala Hamisi alimkalisha mkekani akamsomea kitabu hicho hicho, kila mtu na sauti yake. Na alikuwa na mchezo wake. Pembeni ya kila mchoro aliandika kwa penseli jina la mtu wa Somanga, na vineno vya kumchokoza. Yule mnene aliyekwama dirishani aliandikwa mjomba wao. Yule mlafi mwenye meno yaliyochomoza mbele nikaandikwa mimi. Bi Somoe alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi kwa kanga, na Ijumaa inayofuata anataka tena.

Sasa hapa lazima nieleze kitu. Kwa baba mimi ni Mngoni, wao ni Wamwera. Watani. Bi Somoe hakuwahi kuniita jina, mimi ni "mtumwa wangu" tu, na mimi sikuwahi kumpa shikamoo. Nikifika namwuliza kama bado anamaliza unga wa watu, ananirudishia matusi ya kutosha, basi tumeshaamkiana.

Hamisi alifariki ghafla, kwa homa, msimu wa korosho. Sijui niseme nini kuhusu siku ile. Lakini mtani msibani ana kazi yake, na mimi niliifanya. Nilivaa shati lake na kofia yake, nikatembea kama yeye, bega moja juu. Nikawazuia wachimba kaburi mpaka wanipe chochote. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja, na ndivyo inavyotakiwa. Halafu nikaingia chumbani kwake, nikatoka na kile kitabu nimekiinua juu.

"Hiki changu! Mkikitaka, mkikomboe!"

Bi Somoe akajibu kutoka pale alipoketi na wenzake, "Kichukue, mtumwa we! Arobaini nakikomboa kwa jogoo."

Watu wakacheka. Nakuapia, wakati ule nilikuwa natania kweli. Mtani akichukua kitu msibani, anapewa chake, anarudisha. Hakuna anayemwita mwizi.

Shetani alinipata ndani ya basi la kurudi Lindi. Nimekipakata kitabu, nakifungua, nakifunga. Sikuwahi kukishika muda mrefu vile bila Hamisi kuniambia "taratibu". Jalada zima, rangi haijapauka, pini hazina kutu. Nikajiambia: nitakipeleka kikapimwe, kirudi na alama yake, nimkabidhi Bi Somoe kikiwa na heshima. Hata Hamisi angefurahi.

Muongo mkubwa mimi! Hamisi alishanikatalia kwa kinywa chake. Nilingoja azikwe ndipo nijipe ruhusa.

Nikauliza kwenye kundi. Wakaniambia maandishi yanashusha alama, hata ya penseli.

Nikanunua ufutio, ule mweupe laini. Mke wangu akanikuta mezani nimeinama.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha."

Akachungulia. "Si mwandiko wa Hamisi huo?"

"Penseli tu."

Penseli tu! Maneno hayo yametoka mdomoni mwangu. Mke wangu akaenda kulala. Nikamfuta mjomba, nikawafuta majirani, nikamfuta Bi Somoe mwenyewe, nikajifuta na mimi. Nikapuliza unga wa ufutio ukaenda zake. Nikakung'uta na punje za karafuu alizokuwa anaweka yule mama katikati ya kurasa kuzuia wadudu. Na wala roho haikuniuma, nilikuwa naona fahari!

Nikampa mtu wa Dar anayekusanya vitabu vya watu na kuvituma huko nje. Arobaini ikafika kitabu hakijarudi.

Hitma ikasomwa, watu wakala, Bi Somoe akaletewa jogoo kafungwa miguu. Akamshika, akaniita. "Mtumwa wangu, jogoo huyu hapa. Kitabu changu kiko wapi?"

Ningesema ukweli pale pale, mambo yangekuwa madogo. Angenitukana, tungecheka, angesubiri. Badala yake nikageuza utani. "Jogoo gani huyu, kakonda kama mwenye nyumba! Ongeza mbuzi!"

Uwanja mzima ulicheka. Naye akacheka, akanipa jogoo na kuniahidi mbuzi wa ndotoni. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikamchukua yule jogoo, nikamla. Nilimla na wali wa nazi, nikalamba na vidole. Astaghfirullah!

Huo ndio ubaya wa utani ukiangukia kwa mtu kama mimi. Mtani hakasirikiwi. Zuhura, dada yake Hamisi, alikuwa ameacha shughuli zake Kilwa Masoko akarudi Somanga kumwangalia mama. Akawa ananipigia simu. "Mtani, mama anauliza kitabu. Ijumaa zinampa tabu."

"Mwambie nimekila na chai."

Anacheka, anakata. Akipiga tena, nachekesha tena. Kicheko chake kikawa kinapungua, na mimi nilikuwa nakisikia kinavyopungua, nikaendelea tu.

Kitabu kikarudi. Alama tisa! Wapimaji wakaandika kwenye maelezo yao kwamba kurasa ni safi, hazina maandishi. Nikapiga picha nikatuma kwenye kundi, pongezi zikamiminika kutoka kwa watu nisiowajua hata sura. Na ukweli mwingine huu hapa, maana nimeshaamua kusema: sikukipeleka Somanga. Nilikiweka kabatini nikawa nakitazama. Leo nasema kesho, kesho nasema wiki ijayo.

Mpaka Zuhura alipopiga simu bila kucheka. "Kaka," akaniambia. Si mtani, kaka. "Mama hali vizuri, anashinda amelala. Lete kitabu."

Nilimkuta Bi Somoe mkekani, kapungua, kanga imemzidi. Nikamtania kama zamani. Alifurahi! Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, kwamba alifurahi. "Mtumwa wangu umekuja. Nilijua tu mwishoni utarudi, mla jogoo." Akanyoosha mikono yote miwili.

Nikamwekea kasha mikononi.

Akalipapasa mbele, nyuma, pembeni, akitafuta pa kufungulia. Akalinusa. "Hiki nini?"

"Kitabu, bibi. Kimehifadhiwa ili kisiharibike. Kimepata alama tisa."

"Kimefanya mtihani?" Akacheka peke yake. "Haya, nifungulie basi. Zuhura anisomee."

Nikasita. Nisikilize vizuri hapa. Mama aliyefiwa na mwanawe ananyoosha kitabu cha mwanawe nimfungulie, na mimi nafikiria alama! Nikaanza kueleza kwamba kikifunguliwa hakitakuwa tena na thamani ile, kwamba huko nje watu wanaheshimu sana lile kasha. Zuhura akainuka. Akaenda uani, akarudi na mchi wa kutwangia. Akaliweka kasha sakafuni, akaligonga ukingoni mpaka likapasuka.

Nilishtuka kila lilipogongwa. Naona aibu kuandika hivyo.

Zuhura akaketi karibu na mama yake, akafungua. Akasoma kurasa za mwanzo vizuri, akafika kwa yule mnene.

"Huyu hapa kakwama dirishani."

"Mjomba wako huyo," Bi Somoe akasema, tayari ameshaanza kutabasamu. "Soma alivyoandika Hamisi hapo pembeni. Majina nayajua, yale maneno yake ndiyo yananipotea."

"Hakuna kitu, mama."

"Tazama vizuri. Kwa penseli."

Zuhura akakipeleka mlangoni penye mwanga. Akakiinamisha huku na huku, akafunua mbele, akarudi nyuma. Kisha akaacha kutazama kitabu, akanitazama mimi.

"Nimeyafuta," nikasema.

"Umefuta nini?" akauliza Bi Somoe.

"Maandishi ya Hamisi. Yote. Ili kipate alama."

Nikangoja matusi. Wallahi niliyatamani. Aniite mtumwa, aniite mbwa, autake ule mchi anipige nao. Bi Somoe akaomba kitabu, Zuhura akamwekea mapajani. Akapitisha kidole pembezoni mwa ukurasa, kutoka juu hadi chini, polepole. Akafunua wa pili, akafanya vile vile.

"Haya," akasema. "Ahsante kwa kukileta, baba."

Baba. Hakuwahi kuniita hivyo tangu anijue.

Namshukuru Mungu alipata nafuu, yupo. Idd iliyopita nilikwenda Somanga na kanga mpya na mafungu ya vitu, nikasimama mlangoni nikamrushia utani mzito, ule ambao zamani ungenirudia na kandambili. "Alhamdulillah, tunaendelea," akajibu. "Zuhura, mpe mgeni kiti." Nikaketi. Nikaulizwa habari za Lindi, habari za mke, habari za kazi, kwa adabu zote. Zuhura akaleta chai. Nikanywa chai ya wageni katika nyumba niliyokuwa nikiingia na kufunua masufuria bila kuuliza! Wakati wa kuondoka nikampa shikamoo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Akaitikia marahaba.

Kundi la wakusanyaji nimejitoa. Najua vijana bado wanabishana huko, kitabu kipimwe au kisipimwe. Kama ni chako, na hakuna mwingine anayekihitaji, kipime, kifungie, kitundike hata sebuleni, hujamkosea mtu. Lakini kabla hujagusa ufutio, uliza yale maandishi nani bado anayasubiri. Wale wapimaji sina ugomvi nao, walipima nilichowapelekea.

Na nyie watani wenzangu, hili ndilo lililonikalisha kuandika. Msibani chukueni, vaeni, zuieni njia, hiyo ni haki yetu na wafiwa wanatuhitaji. Ila usijifiche humo. Usimchekeshe mtu juu ya kitu kinachomuuma kwa kuwa unajua mila inamzuia kukukasirikia. Ukiwa na kitu cha mtu nyumbani kwako, hata sasa hivi unaposoma hapa, inuka ukirudishe. Kirudishe wakati bado anakutukana.