Chumvi ya Ng'ombe kwa Bata wa Mama

Juzi mjukuu wangu aliwawekea bata maji, nikamwuliza mara tatu kama hajatia chumvi. Akacheka. Hajui.

Kwetu Kaisho tulikuwa watu wa ng'ombe, na ng'ombe akinywa maji ya chumvi maziwa yanajaa. Mama alikuwa na bata watano, mayai yao akimpikia mdogo wangu mgonjwa. Wakapunguza kutaga. Mimi, daktari niliyeishia darasa la pili, nikawakorogea chumvi ya ng'ombe, kiganja kizima.

Mchana nikasikia mbawa zikipiga matope. Walipepesuka kama wazee waliokunywa rubisi, pombe ya ndizi. Nilicheka, mpaka mmoja akalala asiinuke, kisha wenzake wote.

"Nani kaingia hapa?" Mama akauliza.

Nikaficha mikono nyuma. "Mama Koku alipita asubuhi. Aliwasifia."

Na kweli jirani yetu huyo alipita, akawasifia. Kwetu jirani akisifia mfugo ukafa, basi ni jicho lake baya. Mama akawafukia wote watano migombani.

Tangu hapo Mama Koku akipiga hodi, Mama hakuitika. Jirani yule alizikwa hajui kosa lake. Maharage ya msiba wake hayakukolea chumvi, na mimi sikuomba.