Mnara Uliopiga Hodi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda nguzo ya simu mjini Ibra, huku Oman, nikiwa nimevaa viatu vya kuazima, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimekwisha kupata jina ambalo limenikaa mpaka leo. Nyinyi vijana mnaniita Mzee Hodi, na wengi wenu mnadhani nimeitwa hivyo kwa sababu napenda kwenda majumbani kwa watu wakati wa chakula. Hilo pia ni kweli. Lakini jina lilianzia juu ya nguzo.

Nilikuwa kijana, nimetoka Unguja na wazee wangu, Kiarabu changu cha kuokoteza. Shirika la simu lilikuwa likitafuta watu wasioogopa kwenda juu. Fundi Mkuu wetu, mwenyeji wa Ibra, mtu mfupi mwenye sauti ya muadhini, alinitazama mikono kisha akaniuliza kama nimewahi kupanda kitu chochote. Nikamwambia nimepanda minazi.

"Mnazi wa shamba hauna majirani," akasema. "Nguzo hii ina majirani."

Alikuwa na maana yake. Nyumba za huku zina ua kwa ndani, na ua ni wa wanawake. Humo hupika, huanika, huosha nywele, hukaa vichwa wazi. Mtu akiwa juu ya nguzo anaona yote. Ndiyo maana tangu zamani mpanda mtende wa huku hapandi kimya. Huita kwanza, "Yaa Satir!", yaani anamwomba Mwenye kusitiri, akangoja wanawake wajitande au waingie ndani, ndipo akapanda. Fundi Mkuu aliifanya desturi hiyo sheria ya kazi, sawa na sheria ya kufunga mshipi wa kiunoni. Aliyepanda bila kuita alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Basi nikasimama chini ya nguzo, watu wananitazama, na kwa woga lile neno la Kiarabu likanipotea kabisa. Mdomo ukatoa neno nililolelewa nalo.

"Hodiii!"

Kisha kutoka nyuma ya ukuta ikaja sauti ya mwanamke: "Hodi nani wewe? Karibu! Lakini subiri kwanza, sijajitanda!"

Fundi Mkuu alicheka hata akakaa chini. Kumbe nusu ya mtaa ule walikuwa watu waliotoka kwetu. Nilipoteremka nilikuta sinia imewekwa mlangoni, ina chai ya maziwa na mkate wa kumimina, na mwenyewe hakuonekana. Tangu siku ile mafundi wenzangu wakaniita Abu Hodi, yaani Baba Hodi.

Nataka mjue kazi ilivyokuwa, maana siku hizi mtu hubonyeza kioo akadhani dunia imejileta yenyewe. Kila nyumba yenye simu ilikuwa na jozi yake, nyuzi mbili za shaba zilizosokotwa pamoja. Jozi hizo zilikusanywa ndani ya kebo moja nene, na kebo ikikatika ilitubidi tuzitafute moja moja na kuziunga, kila kiungo tukikivika mkono wa karatasi ili shaba isigusane na ya jirani. Ukikosea, simu ya harusi inalia kwenye nyumba yenye msiba. Mimi nilijifunza kuunga kwa vidole hata macho yakiwa mahali pengine, na najisifu, kwa sababu viungo vyangu havikurudiwa.

Kutoka Ibra nikapelekwa Bidbid, pale barabara ya Ibra na Sur inapoachana na ile ya Nizwa. Mkuu wa Kituo wa pale alikuwa mkimya, neno lake moja kwa siku, na neno lenyewe mara nyingi lilikuwa "Upya!" Kazi yetu ilikuwa kuipa nguvu sauti iliyochoka njiani, kisha kuisukuma mbele. Baadaye nikahamishiwa Sur, ambako adui ni chumvi. Hewa ya bahari inakula shaba kama mchwa anavyokula mlango, na nguzo ambayo Ibra ingezeeka nawe, kule unaizika wewe. Kila nilikokwenda niliita kabla ya kupanda. Mtaa wenye watu wa kwetu nilipiga hodi, mtaa mwingine nikaita "Yaa Satir", na penye wote nikaita mara mbili. Sauti haitozwi ushuru.

Nilipofika Nizwa nilikuwa msimamizi wa mafundi, na huko ndiko mtandao ulikonikuta. Mwanzo ulipita kwenye zile zile nyuzi zangu za shaba, kwa kisanduku kinachoitwa modemu ambacho kililia kama paka aliyebanwa mlangoni. Mhandisi wa Mkoa alituita ofisini tuone ukurasa wa kwanza ukifunguka. Ulikuja mstari kwa mstari, tukanywa kahawa, tukamaliza, bado unakuja. Nilimwambia, "Bwana Mhandisi, kwa mwendo huu barua ya posta itafika kwanza." Akanijibu, "Abu Hodi, kitu hiki kitaingia kila nyumba, na hakitapiga hodi."

Maneno hayo nililala nayo. Nimeona ukweli wake, msidhani mimi ni mzee wa kusifu tu. Nimeona baraza ya watu saba, kila mmoja ameinamia kiganja chake, kahawa inapoa. Nimepokea habari za kifo cha rafiki yangu, kumbe rafiki yangu anakula halwa. Lakini pia nimemwona mwanafunzi wa kijijini akisoma kitabu kilichoko nchi ya mbali, na nimemwona dada yangu aliyeko Unguja akinicheka meno uso kwa uso kwenye kioo cha simu. Kitu ni kimoja. Kinategemea kinavyoingia.

Sasa niwaeleze habari ya kijiji cha upande wa mji wa Adam, kusini ya Nizwa, maana kama kazi yangu yote ingetupwa na kubakizwa siku moja, ningechagua hiyo.

Zama za waya zilikuwa zinakwisha, zama za minara zimeingia. Mnara wa mtandao una sharti moja kubwa: lazima uuone mwenziwe. Mawimbi yale hayapindi kona. Kijiji kile kimo bondeni, kimezungukwa na vilima ambavyo gari la vyuma halipandi, na mahali pekee palipofaa palikuwa mwinuko mmoja katikati ya nyumba. Wazee wa kijiji wakakataa. Sheikh wao alituambia wazi: "Mtandao tunautaka. Macho hatuyataki." Kila fundi atakayepanda atakuwa juu ya nyua zote za kijiji.

Mkurugenzi wa Mradi, aliyetoka Muscat, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Akaniambia, "Nakupa siku moja. Wakikataa, mnara wao naupeleka barabarani. Vijiji vinavyoutaka ni vingi."

Nikauliza ua gani uko karibu zaidi na ule mwinuko. Nikaambiwa ni wa Bi Ruqaya, mjane aliyelelewa Unguja, fundi wa kofia za vitobo, zile ambazo huku huitwa kumma. Neno lake lilisikilizwa na wanawake, na neno la wanawake, mnajua wenyewe, huwafikia wazee kabla ya alfajiri. Nikaenda mpaka mlangoni kwake.

"Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti nyuma ya pazia, "lakini nyumbani hamna mwanamme. Sema hapo hapo ulipo."

"Shikamoo, Bi Ruqaya. Nimekuja kwa habari ya mnara."

"Marahaba. Najua ulichokuja nacho. Sasa nisikilize mimi." Akanieleza kwamba kofia za mamaake zina mshono ambao hapa hakuna mwengine aujuaye, na kwamba waliobaki kuja kushona naye ni wanawake wanne tu. "Wanakuja kwa sababu ua huu una sitara. Wanavua mitandio, wanaimba, wanashona. Mkiniwekea macho juu ya kichwa, kila mtu atakaa kwao. Kazi ya mamaangu itakufa na mimi."

"Na ukiukosa mnara?"

"Nikiukosa, binti yangu yuko mbali, mji wa Jalan Bani Bu Hassan, na nikitaka kuisikia sauti yake napanda kilima kwa magoti haya. Unadhani siutaki? Nautaka kuliko huyo mkurugenzi wenu."

Nikamwambia hakuna fundi wangu atakayepanda bila kupiga hodi. Akasema, "Wewe nakusadiki, hodi yako nimeisikia. Na siku ambayo hupo?"

Nilisimama pale nikitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimekwisha kuwafunza mafundi wengi desturi ile, lakini mwanafunzi husahau, na mgeni hajui. Ndipo akasema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani: "Mnara utakuwa na mlango? Basi ufunguo niachieni mimi. Anayetaka kupanda aje apige hodi, nitampa."

Nilirudi kwa Mkurugenzi nikamkuta anakunywa kahawa. Nikamweleza. Akanitazama kama niliyepigwa na jua.

"Unataka niwaambie Muscat kwamba ufunguo wa mnara wa shirika uko kwa bibi anayeshona kofia?"

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Na mtandao ukikatika usiku?"

"Tutamgongea. Kwani mtandao ukikatika, yeye hatakuwa amekatikiwa?"

Akafikiri. Swali lake lilikuwa la haki, na alikuwa na wakubwa wake wa kuwajibu. Mwisho akakitikisa kikombe, ishara ya kwamba kahawa imemtosha, akasema, "Ukitokea uharibifu, nitaandika jina lako."

"Liandike, bwana. Ila usisahau hilo la Hodi."

Mnara ukasimama. Uzio ukazungushwa, ngazi ikawekewa mlango wa chuma, na ufunguo ukatundikwa msumarini nyumbani kwa Bi Ruqaya. Miaka yote niliyobaki kazini hakuna fundi aliyepanda pale ila kwa kupitia kwake. Wengine walinung'unika, hasa vijana waliotoka chuoni, mpaka walipoonja maandazi yake. Minara mingine iliibiwa betri. Ule haukuguswa, maana mlinzi wake alikuwa hasinzii, usiku wala mchana.

Na mtandao ulipotulia bondeni, likatokea jambo ambalo mimi sikulitarajia. Yule binti yake wa Jalan alimwomba amwonyeshe mshono kwa simu. Bi Ruqaya akaiegemeza simu kwenye kopo la chai, akaonyesha mikono peke yake, kitobo kinavyotobolewa na uzi unavyozungushwa. Kabla ya kuiwasha, akapiga hodi uani kwake mwenyewe, na wanawake wakajitanda. Binti akawaonyesha mashoga zake. Mashoga wakawaonyesha wengine. Siku hizi wanamtazama wanawake wa Mombasa, wa Unguja, wa Nizwa, na uso wake hakuna auonaye. Siku moja nilikutana na kijana sokoni Nizwa amevaa kofia yenye mshono ule. Nikamwuliza nani kakushonea. Akasema, "Dada yangu, kajifunza kwa mtandao kwa bibi mmoja, hatumjui." Nilitembea sokoni kifua mbele kama niliyeishona mimi.

Nikastaafu, nikarudi kukaa Ibra. Nilipewa saa ya ukutani, na maneno mazuri yaliyosomwa na mtu asiyenijua. Nikadhani yamekwisha.

Mwaka huu akaja nyumbani Shamsa, mhandisi wa kike, kazaliwa hapa hapa Oman, babu yake alitoka Bujumbura. Ndiye anayesimamia minara ya upande ule sasa. Kiswahili chake ni cha watoto wa siku hizi, lakini anakisema, nami namshukuru.

"Shikamoo, Babu. Ile ufunguo ya zamani tunatoa. Sasa kufuli inafunguka na mtandao."

Nikamwuliza kwa ukali zaidi ya nilivyokusudia, "Anafungua nani? Mtu wa Muscat aliyekaa ofisini?"

"Twende ukaone, Babu."

Tukapanda gari lake. Nilikuwa nimekasirika, tena nimehuzunika. Niliona kazi yangu yote inafutwa kwa kidole, na ile kauli ya Mhandisi wa Mkoa imetimia: kitaingia, na hakitapiga hodi.

Tukafika chini ya mnara. Shamsa akatoa simu, akanionyesha. Kwenye kioo palikuwa na neno moja: Hodi. Akalibonyeza. Nyuma ya ukuta wa Bi Ruqaya nikasikia simu ikilia, kisha ile sauti, imezeeka lakini ni ile ile: "Subiri! Hatujajitanda!"

Tukasubiri. Kioo kikageuka kijani, kikaandika: Karibu. Kufuli likalia, mlango ukafunguka.

"Nimetengeneza mimi," Shamsa akasema. "Mkurugenzi aliuliza hii maneno ni nini. Nikamwambia, hii sheria ya kazi."

Machozi yalinitoka, wala sikuona haya. Shamsa alifunga mshipi wake akapanda, na mimi nikabaki chini nimeshika uzio. Kisha kwa ukaidi wa kizee nikaita kwa mdomo, kama siku ile ya kwanza.

"Hodiii!"

"Wewe nilishakukaribisha zamani!" akajibu Bi Ruqaya nyuma ya ukuta. "Chai yako ipo mlangoni, inapoa."