Vitunguu Visivyoliwa

Dada yangu anayeishi Ubelgiji ndiye aliyeniletea vitunguu vile alipokuja likizo. Si vya kupikia. Ni vya bustani ya maua: shina moja hupanda mpaka kifuani mwa mtu mzima, na juu yake hufunguka tufe la zambarau, kubwa kama kichwa cha mtoto. Vinataka baridi ndipo vitoe maua, na baridi yetu ya Likasi ni ya kuazima, kwa hiyo nilivihifadhi kwenye friji msimu wote wa mvua, kando ya samaki. Umeme ukikatika, mume wangu alisikitikia samaki, mimi nilisikitikia vitunguu. Majirani walinicheka: kitunguu usichokila, cha nini? Sikujali. Nilikuwa na kiburi cha mtu anayengojea kuonewa wivu.

Kiangazi kilipoelekea mwisho, mashina yakasimama mbele ya nyumba, kila moja na tumba lake. Ndipo mama mkwe akaja kutoka Kapolowe kutibiwa goti. Wahenga husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Amelima vitunguu maisha yake yote, na mkulima yeyote wa kule anajua kwamba kitunguu kikitaka kutoa maua unalikata shina mapema, la sivyo nguvu yote inakwenda juu na chini huvuni kitu. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta bustanini, goti limefungwa kitambaa, kisu mkononi, anatabasamu. Mashina yote yalikuwa chini.

“Minakusaidia, mwana,” akasema. “Ilikuwa inaanza kutoa mauwa. Sasa itakomaa muzuri.”

Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema asante, mama, na mambo yakaishia hapo. Badala yake nikasema, “Ile haiko ya kula, mama. Njo mauwa yenyewe. Siku ingine uulize kwanza mbele ya kugusa vitu ya hapa.”

Sikupaza sauti. Afadhali ningepaza, maana kelele husahaulika.

“Bon, mwana. Unisamehe.”

Mama wa mume wangu, kuniomba mimi msamaha! Niliona aibu palepale, lakini kiburi kilinishika ulimi hadi kesho yake.

Tangu siku hiyo anauliza. Je, anaweza kuchota maji? Kiti hiki anaweza kukikalia? Anauliza kwa upole, bila kinyongo, na hilo ndilo linalonichoma. Nimemwomba radhi, tena si mara moja. Hunijibu kwamba yamekwisha, halafu huuliza kama anaweza kufunga dirisha.

Jumamosi iliyopita mvua ya kwanza ilishuka ghafla. Nilikuwa naoga. Nilipotoka mbio, khanga imenikaa upande, nikamkuta amesimama mlangoni, mikono kifuani, anazitazama nguo zetu zikilowa kwenye kamba. Shati la kanisani la mume wangu lilikuwa karibu naye kabisa, linachuruzika maji.

“Mama, mbona haukuanua?”

“Weye haukukuwa hapa, mwana. Ningeuliza nani?”

Kisha akalielekezea kidole lile shati la mwanawe, mtoto aliyemzaa mwenyewe.

“Naweza kugusa?”

Nikasema ndiyo, mama. Ndipo akanyoosha mkono.