Nesi Aliyecheka Redioni

Nesi huyu akicheka wodi ya kwanza, wagonjwa wa wodi ya tatu wanaamka. Kwa hiyo mganga mkuu alipomchagua akarekodi tangazo la redio la kuwasihi vijana waache vepu, zile sigara za kielektroniki zinazonukia matunda, wenzake walijiziba midomo.

"Dada, hili ni jambo zito," mganga mkuu alimwonya. "Nisione hata jino."

"Redioni meno hayaonekani, daktari."

"Nitayasikia!"

Studio ilikuwa chumba kidogo, kuta zimefunikwa sponji. Nesi alianza vizuri. Alieleza jinsi nikotini inavyomfunga mtu na jinsi ule mvuke unavyosumbua mapafu, kwa sauti ya msibani kabisa. Kisha akafika kwenye sentensi hii: "Kijana, wapi umeona mtu akivuta tikitimaji?"

Picha ikamjia: mtu mzima kakumbatia tikitimaji zima, analivuta, mashavu yamebonyea. Akang'ata mdomo. Kicheko kikapanda kutoka tumboni na kutokea puani. Fundi mitambo naye akateleza kutoka kwenye kiti. Walirudia mpaka jasho likawatoka, na kila wakifika kwenye tikitimaji, kwisha habari.

"Nenda tu, mama," fundi alisema akijifuta machozi. "Nitakata hapo."

Asubuhi tangazo likaenda hewani na kicheko chake chote. Fundi anaapa kwamba alikosea faili, ila akiapa anaangalia dari.

Mganga mkuu alifoka mpaka miwani ikamshuka. Lakini mchana huohuo, stendi nzima ilikuwa ikicheka. Kijana akitoa vepu, wenzake wanamuuliza, "Kaka, tikitimaji limeiva?" kisha wanaangua kile kicheko cha nesi. Hapo mikogo yote inamwishia, anairudisha mfukoni.

Jioni nesi alikuwa akikata vitunguu. Binti wa kaka yake, anayeishi naye, akaingia jikoni na kuweka kitu cha rangi ya waridi mezani.

"Shangazi, siwezi tena. Nikivuta, nakusikia unacheka kichwani mwangu."

Nesi hakucheka. Kisu kilibaki hewani.

"Hata wewe? Tangu lini?"

"Tangu likizo. Niliogopa kukuambia."

Akamvuta kifuani, mikono ikinuka vitunguu. "Kuacha kuna kazi yake, mwanangu. Utaumwa kichwa. Utakuwa na hasira."

"Hasira kama za nani?"

"Za mganga mkuu."

Hapo wote wawili wakashindwa kusimama kwa kicheko.

Kazi kweli ilikuwepo. Binti alibamiza milango, akagombana na pasi, akalia kwa sababu soksi zimepotea. Nesi alimpeleka kwa mshauri wa kliniki, na jioni wakawa wanatembea pamoja. Mara moja binti aliteleza, akaazima vepu ya rafiki yake. Alikuja kusema mwenyewe, wakaanza upya.

Muhula mpya ulipoanza alijaribu bahati kwenye timu ya netiboli, akachukuliwa. Alirudi mbio, viatu havijavuliwa, akamnyanyua shangazi yake na mwiko wake mkononi.

"Nimekimbia mechi nzima! Nzima, shangazi!"

"Niteremshe, utanivunja!"

Hakumteremsha. Walizunguka jikoni wakipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.